Wivu Niliokuwa Nao kwa Gari la Baba Imani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena! Mnaonijua mnanijua kama mwenyekiti wa akina mama, yule anayewahi mlangoni na kuwapangia watu viti. Leo sijasimama kama mwenyekiti. Nimesimama kama mwanamke aliyeliwa na wivu mpaka mifupa, na Mungu akamtoa. Wageni, karibuni. Naitwa Mama Imani, nyumbani kwetu Kakamega. Nashona sare za shule hapa Ntinda, na mume wangu, Baba Imani, ana duka la matairi. Tuko Kampala tangu kabla Imani wetu hajazaliwa.

Ndugu zangu, mume wangu hanywi. Havuti. Jioni anarudi nyumbani. Miaka mingi nilijisifu kwa hayo mbele ya wanawake wenzangu. Halafu akanunua gari.

Si gari la kutuleta kanisani. Ni gari la mashindano, la bluu, la zamani, viti vya nyuma vimeng'olewa, ndani limejaa mabomba ya chuma kama kitanda cha hospitali. Kazi yake ni kuzunguka uwanjani kwa kasi huku wanaume wakipiga kelele, basi. Na hilo gari lilikuwa na ugonjwa. Likizunguka kidogo tu, giaboksi inachemka. Ni giaboksi ya otomatiki, oili yake inapata joto kupita kiasi, gari linakataa kubadilisha gia. Baba Imani alikuwa akirudi kutoka uwanjani amenuna kama mtu aliyefiwa.

Nilidhani ataliuza. Wapi! Alilipenda zaidi. Siku moja nikakuta feni yetu ya chumbani haipo. Nauliza, "Feni iko wapi?" Ananiambia bila aibu, "Nimeipeleka gereji, ipulize giaboksi ipoe." Mimi mke wake nalala kwa jasho, gari linapulizwa! Nilisikia wivu ukinipanda. Ndugu zangu, kumwonea wivu mwanamke mwenzako ni jambo linaloeleweka. Kuwa na wivu na chuma, utamwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilikaza uso nikaendelea kuongoza maombi.

Kisha mwanamke naye akatokea.

Fundi wa giaboksi aliyempata huko Kisugu anaitwa Akello. Ni binti wa mwanajeshi, amekulia kambini, na Kiswahili chake ni kile cha jeshi. Nilikuwa sijamwona. Nilimsikia tu kwenye simu. Tuko mezani, tunakula, Baba Imani anaweka simu karibu na sahani kwa sauti kubwa maana mikono yake ina ugali. Sauti ya mwanamke inasema, "Bosi, yeye bado iko moto sana! Hiyo feni yako hapana saidia. Leta ile pampu, mimi nafunga."

Mume wangu akacheka. Akacheka, ndugu zangu! Kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwangu tangu sikumbuki lini. Akajibu, "Nakuja Jumamosi asubuhi, tutampoza vizuri."

Yeye nani? Iko moto nani? Sikuuliza. Mwenye wivu haulizi, anakusanya. Nikakusanya ile simu, nikakusanya kicheko. Nikaanza kukagua nguo zake kabla ya kuzifua. Na siku nilipokagua nikapata nilichokuwa natafuta. Kwenye kola ya shati lake jeupe kulikuwa na doa jekundu.

Nililipeleka lile shati kwa rafiki yangu, dada mmoja wa hapa hapa, simtaji kwa sababu anajijua na sasa hivi ameinamia Biblia yake. Akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Dada, hii ni rangi ya midomo." Nikamwambia, "Labda ni oili ya gari." Akanijibu, "Oili nyekundu umeiona wapi?" Na mimi sikuwa nimeiona popote. Oili niliyoijua ni nyeusi.

Jumamosi ile nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Sikwenda. Nilipakia nguo za Imani kwenye mkoba, nikauweka nyuma ya mlango, nikasema nikitoka Kisugu napitia nyumbani kumchukua mtoto wangu, napanda basi la Kenya. Nikachukua boda. Njia nzima nilikuwa naomba, lakini ombi lenyewe lilikuwa hivi: "Baba, leo nitang'oa mtu nywele. Unisamehe mapema." Na Mungu wetu ana mambo yake, kwa sababu nilipofika nilikuta huyo Akello amenyoa kichwa chote!

Baba Imani hakuwepo. Gari lilikuwa limenyanyuliwa juu ya stendi za chuma, bampa ya mbele imetolewa, na miguu ya mwanamke inachungulia chini yake. Nikasimama mbele ya ile miguu nikaanza. Nilisema mengi. Nilimwita majina ambayo mwenyekiti wa akina mama hapaswi kuyajua. Nikamuuliza haoni haya kuchukua waume za watu.

Sauti ikatoka chini ya gari. "Wewe ni mama ya Imani?"

"Ndiye mimi!"

"Muzuri. Ingiza mukono hapa. Shika hii mupira, inua juu. Juu! Usiache, oili yote namwagika."

Sijui niwaelezeje. Kelele zangu hazikuwa zimeisha, lakini mkono ulikwishatii. Nilipiga magoti kwenye saruji na gauni langu, nikashika mpira mmoja mnene, oili ikashuka kwenye kiganja, ikapita kifundo, ikafika kwenye kiwiko. Nikaitazama. Ilikuwa nyekundu, ndugu zangu! Nyekundu kama damu, nyekundu kama lile doa la kwenye kola!

Akello akatoka chini akijivuta kwa mgongo. Mikono yake miwili ilikuwa myekundu, na shavu pia. Akanitazama vizuri, hakukasirika. Akasema, "Mama, mimi iko na kazi. Bwana yako, mimi nataka yeye nalipa tu. Bwana ya mutu, nafanya nini nayo?" Kisha akaanza kunionyesha, kama vile nilikuja kujifunza. Hiki kilichofungwa mbele kama rejeta ndogo ni kipoza oili, kina feni yake. Hii hapa chini ni pampu. Inavuta oili ya moto kutoka kwenye giaboksi, inaisukuma mbele ikapigwe na upepo, inarudi imepoa. "Sikia," akasema, akagusa swichi kidogo. Pampu ikaunguruma kama cherehani yangu ya umeme.

Hapo Baba Imani akaingia na mipira mipya begani. Akaniona nimepiga magoti, mikono myekundu. "Mama Imani? Unafanya nini hapa?"

Akello akajibu haraka, anafunga skrubu, hata hakugeuka. "Nasaidia. Yeye nashika vizuri kushinda wewe."

Mungu ambariki yule binti! Nilimtukana, akanifunika.

Sasa mtasema wivu uliisha pale. Haukuisha! Uligeuka tu ukanionyesha uso mwingine, mbaya zaidi. Niliketi kwenye tairi nikawatazama wakifanya kazi. Mume wangu alikuwa anaongea! Anauliza, anaeleza, anabishana, anacheka. Nilijua sasa hakuna uchafu kati yao. Lakini yale maneno yote, ndugu zangu, yale maneno yote yalikuwa wapi nyumbani kwangu? Afadhali lingekuwa doa la rangi ya midomo, ningejua nipigane na nani. Jioni niliutoa ule mkoba nyuma ya mlango, nikarudisha nguo za Imani kabatini, lakini moyoni sikurudisha kitu.

Siku ya kulijaribu gari ilipofika, nilimwambia nataka kwenda naye. Alishangaa mpaka akaangusha funguo. Tukaenda watatu, mimi, yeye na Akello, kwenye uwanja ulio nje ya mji, upande wa Entebbe. Akello akasema yeye atabaki pembeni aangalie kama oili inavuja. "Mama, wewe ingia ndani. Bosi naangalia barabara, wewe naangalia geji. Mushale nafika kwa nyekundu, wewe naambia yeye simama."

Wakanivalisha kofia ya chuma. Mimi, mama wa kushona sare! Wakanifunga mikanda kama mzigo. Baba Imani akabonyeza swichi, nikasikia pampu ikiunguruma chini yangu, tukaondoka. Nililitaja jina la Yesu kwenye kila kona. Lakini macho yangu sikuyatoa kwenye ile geji ya joto la oili. "Iko chini!" nasema. "Bado iko chini!" Na yeye anajibu, "Sawa, Mama Imani! Endelea kusema!" Endelea kusema! Lini mara ya mwisho mume wangu aliniambia niendelee kusema?

Tukazunguka, tukazunguka, mshale umetulia. Kisha nikahisi kuna kitu kimepungua. Injini inapiga kelele, matairi yanapiga kelele, lakini ule mlio kama wa cherehani yangu haupo. Nikatazama mshale, unapanda.

"Simama!"

"Bado kona moja!"

"Simama, Baba Imani! Pampu imenyamaza!"

Akasimama. Tulikuwa mwisho kabisa wa uwanja. Akazima injini, akavua kofia. Kwa mbali tukamwona Akello anatujia kwa miguu na sanduku la vyuma, uwanja mzima mbele yake. Hatukuwa na la kufanya ila kukaa.

Baba Imani akasema, "Ungechelewa, giaboksi ingekufa." Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa kwanza nyumbani kukaa ndani ya hili gari bila kutaja Shetani."

Nikamwambia, "Hukunialika hata siku moja."

"Ningekualika lini?" Hakupandisha sauti. "Jumatatu una wajane. Jumatano una maombi ya akina mama. Ijumaa mkesha. Jumamosi kwaya. Jumapili nakuona umesimama kule mbele, umependeza, unawachekea watu wote. Mimi na Imani tunakula wenyewe, tunafunika chakula chako."

Nikataka kujitetea. Akainua mkono.

"Mimi nina wivu, Mama Imani. Nimekuwa nao muda mrefu. Na nitamwonea wivu nani? Nikapigane na nani? Nimkamate mchungaji shati? Niende nikamtukane Mungu kama wewe ulivyokwenda kumtukana Akello? Ndiyo, nilisikia, ile gereji haina ukuta. Nilingoja nje mpaka mkatulia."

Ndugu zangu! Nililia ndani ya ile kofia ya chuma, na machozi hayana pa kupita humo. Nilikuwa nimebeba wivu wangu kama mzigo wa peke yangu duniani, kumbe kitandani tulikuwa tunalala wawili wenye ugonjwa mmoja, tumepeana migongo. Niliomba pale pale, kwa sauti, na ombi lilikuwa fupi: "Bwana, ondoa." Na akaondoa! Nasema mbele zenu, nilihisi kifua kikifunguka, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa. Baba Imani akanishika mkono.

Akello akafika anahema. Akafungua boneti, akachungulia, akapiga ulimi. "Waya ya fyuzi natoka. Ni makosa yangu, mimi hapana kaza muzuri." Akaukaza. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, mimi na macho mekundu, yeye na pua imelowa. "Nyinyi nakufa ama napona?"

Baba Imani akamwambia, "Tunapona."

Oili ilipopoa, tukawasha. Pampu ikaunguruma. Tukazunguka tena mpaka mafuta ya gari yakakaribia kwisha, na mshale haukukaribia nyekundu. Nilipiga haleluya nikasahau kuhesabu kona!

Sitawadanganya. Wivu bado unabisha hodi. Wiki iliyopita alilipiga gari polishi kwa taulo jipya, nikasikia kitu kinaanza kupanda. Lakini sasa nasema. Nilimwambia, "Baba Imani, hilo taulo linanichoma moyo." Akacheka, kile kicheko, akanirudishia taulo.

Kama umekaa hapa umeficha wivu chini ya kitenge kizuri, ndugu yangu, dada yangu, usikusanye tena. Mwambie Yesu, yeye haoni haya na uchafu wetu. Kisha nenda ukamwambie yule mwenyewe unayemwonea wivu, uso kwa uso. Mtegemee Mungu kwa sehemu hiyo ya pili, maana ndiyo ngumu.

Na sasa, mchungaji, kuna jambo ambalo sikukwambia kabla ya kusimama, niliogopa utanishawishi nibaki. Namshukuru Mungu kwa kila siku niliyoongoza akina mama wa kanisa hili, na nitaendelea kuketi nao kila Jumapili. Lakini uongozi wa Jumatano, na kwaya, na mikesha, naviachia leo. Nina mume na mtoto ambao Mungu alinipa kabla ya vyeo. Funguo za chumba cha akina mama ni hizi hapa. Zipokee, mchungaji. Jina la Bwana lihimidiwe.