Homa Haikuniogopa Mimi

Nawasalimu katika jina la Bwana, ndugu zangu, tukiwa wazima kwa rehema zake! Wengi mnanijua. Shule niliishia darasa la nne, lakini mashine ya kukoboa mpunga pale Mbugani ni yangu, na kokoa ya Matema inapita kwenye mizani yangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Leo nimekuja kurekebisha ushuhuda wangu wa mwaka jana. Nilisimama hapahapa nikasema malaria inaniogopa kwa sababu ya imani yangu, kwamba tangu nioe sijalala kitandani kwa homa. Mkapiga vigelegele. Mdogo wangu Asegelile alikuwa benchi la tatu, naye akapiga makofi.

Masika yalipoanza, homa ikamshika. Akaificha. Siku ya nne nilifika Matema kuchukua kokoa, nikamkuta kwenye mkeka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Mke wake akanigeukia.

"Wewe shemeji na ushuhuda wako! Nikimwambia twende hospitali, anasema watu watajua hana imani kama ya kaka yake!"

Tukampakia kwenye gari langu, si la kukodi, mpaka hospitali. Wakamchoma sindano, wakamwongezea damu. Hali ilikuwa mbaya.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Nikamweleza kwamba mimi malaria hainipati.

"Mzee, lete kidole."

Nikampa. Akarudi na jibu: wadudu wamo.

"Wamo wapi, binti? Asubuhi nimebeba magunia!"

Akasema kuna watu hurithi kwa wazazi kinga inayowabana wadudu wale, wakawa nao bila kuumwa sana. Huenda mimi ni mmoja wao, na Asegelile hakupata fungu hilo.

"Sisi ni tumbo moja," nikambishia.

"Mzee, mpunga wa mbegu moja, maji yakijaa shambani, unasimama wote?"

"Hausimami wote."

"Basi."

Akanipa dawa, nikameza. Kumbe nilichojisifia hapa mbele sikukitafuta wala sikukiombea. Nilizaliwa nacho.

Siku ya tatu Asegelile akafumbua macho, akasikia habari yangu.

"Kaka, na wewe unao?"

"Ninao."

Akacheka mpaka nesi akaja. "Basi imani yetu ni moja!"

Namshukuru Mungu, leo amekaa benchi lilelile la tatu. Ndaga fijo, asante sana, Bwana! Ushuhuda ule wa kwanza naufuta. Mtumaini Mungu, ndugu yangu, na kidole umpe daktari mapema. Kama kuna mwenye homa hapa anayeona aibu, asione. Gari langu liko nje, lina mafuta, na hakuna gari linalowaka haraka kama lile Kyela nzima. Twende.