Mwanamke wa Ukungu na Beseni Lake

Naapa kwa Mungu aliyeniumba, na naapa kwa sauti ili hata jirani anayetega sikio nyuma ya ukuta asikie vizuri: kila neno nitakalosema leo ni la kweli, halina chumvi wala sukari, na nikiongeza hata punje moja basi kesho wanipasue wakute ndani mna sponji tupu. Kaeni, wanangu. Dada mtu, kaa hapo miguuni. Kaka mtu, vuta kiti hicho, nimekishona mwenyewe na hakijalegea. Na wewe kitinda mimba wangu, njoo hapa karibu kabisa, maana haya ni yako kuliko ya wenzako. Msinikatize, pumzi niliyo nayo nimeipangia.

Daktari ananiambia, "Mzee, ni operesheni ya kawaida," halafu anatazama viatu vyake. Mimi nimetazama watu kwenye tundu la kamera miaka ishirini na tano, namjua mtu anayeficha jambo. Ndiyo maana nimewaita sasa hivi mchana, jua likiwa bado dirishani, kwa sababu kuna mahali nataka muwahi kabla hapajafungwa.

Mashine ya makochi, nyundo na mkasi mkubwa ni vya kaka mtu, na usimrudishie mteja kochi kabla hujalikalia mwenyewe. Kamera achukue dada mtu, ana jicho langu na hana mdomo wangu. Wewe kitinda mimba nakupa ile picha ya sebuleni, Mwanamke wa Ukungu, iliyoniletea ushindi, pamoja na kitu kingine ambacho hakimo humu ndani. Kiko kwa Bwana Giza. Mimi ndiye niliyekuzuia usikipate miaka yote hii.

Msitazamane. Ndiyo, Bwana Giza yuleyule mwenye studio ya mtaa wa pili, niliyewakataza kupita hata upande ule wa barabara, niliyewaambia aliniharibia picha kwa wivu. Tutafika huko.

Kwanza mjue baba yenu alikuwa nani. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa fundi makochi kama mafundi wengine, ila Jumapili nikishavaa kamera shingoni, dunia ilikuwa inajiweka sawa. Nimepanda milima mpaka mawingu yakanikwaruza magoti. Nimepiga treni, dereva akaisimamisha nibadilishe filamu, abiria wakangoja bila kunung'unika. Kuna korongo mmoja kule bwawani alinigeuzia shingo kushoto, nikamwambia hapana, kulia, akageuka. Chekeni tu. Mama yenu naye alichekea hapohapo.

Siku moja anaanika nguo, akaniambia, "Baba watoto, umempiga korongo, umepiga treni, umepiga hadi mbuzi wa watu. Mimi hunioni?"

Nikamjibu, "Wewe si upo kila siku."

"Haya. Korongo atakupikia."

Jumapili ile sikutoka. Nikaweka filamu ya picha thelathini na sita nikampiga yeye zote, jikoni, uani, mlangoni, akiwa na beseni la nguo kichwani, na akiwa amekubeba wewe kitinda mimba, una miezi mitatu, umeng'ang'ania sikio lake. Nyumba nzima ilikuwa na mwanga ambao sijauona tena, unaingia kwenye pazia polepole kama maziwa yanayomiminwa, naye anapita katikati yake anaingia na kutoka, hata nikawa sijui kama natazama mke wangu au namwota.

Sasa ujinga wangu ni huu. Filamu ikiisha unairudisha kwenye mkebe wake kwa kuzungusha kipini, na unatakiwa uzungushe mpaka ncha iingie yote, ndipo utakapojua hii imeshatumika. Bwana Giza alinisihi kila mara, "Fundi, ncha iingie yote." Mimi najifanya najua kwa mlio wake tu, ikibaki kidogo naacha, ncha inaning'inia nje. Nikaitupa kwenye droo pamoja na filamu mpya, ambazo nazo ncha zao huwa nje.

Wiki iliyofuata nikachomoa filamu moja kwenye droo ileile, nikasafiri kwenda ziwani kutafuta picha ya mashindano ya ukumbi wa mji. Nilifika alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito mpaka nikauegemea. Maji hayakuwa na mwanzo wala mwisho, hakuna sauti, hata nyayo zangu mwenyewe sizisikii, ni kama mtu ameifunika dunia shuka ili iendelee kulala. Nikapiga zote thelathini na sita, nikarudi.

Bwana Giza akaniita kwenye chumba chake cha kusafishia picha. Taa nyekundu, karatasi inaelea kwenye dawa. Likaanza kutokea ziwa, ukaja ukungu, halafu taratibu akatokea mwanamke anatembea juu ya maji, ana mzigo kichwani, uso ameugeuzia kule.

Bwana Giza akasema, tena kwa upole, "Fundi, umetumia filamu mara mbili. Huyu si shemeji?"

Ningesema ndiyo, tungecheka yangeisha. Lakini nyuma ya pazia kulikuwa na wateja wawili wanangoja, na mimi mbele ya watu mnanijua. Nikasema kwa nguvu, "Huyo mwanamke alikuwepo ziwani. Nimemwona kwa macho yangu."

"Na beseni la plastiki lililokatika ukingo?"

Wale wateja wakaangua kicheko. Nikanyakua picha ile moja nikaondoka, nikamwachia filamu nzima na picha thelathini na tano zilizobaki.

Nikashinda. Niliwaambia washindani walikuwa mia nne na jaji mmoja alizimia. Nikasimama jukwaani nikaeleza jinsi mwanamke yule alivyotoka kwenye ukungu, akanipungia mkono, akayeyuka. Mama yenu amekaa kiti cha mbele, analitazama beseni lake. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akasema, "Mwanamke wako wa ziwani ana beseni kama langu." Nikatafuta msumari wa kuitundikia picha. Akasema, "Sitamwambia mtu. Ila kazichukue zile nyingine, baba watoto. Kuna niliyombeba mtoto."

Nikamwambia kesho.

Nipeni maji kidogo. Asante, dada mtu.

Kesho ile sikwenda, wala keshokutwa. Nikienda, mji mzima utajua. Halafu akaugua, na hakumaliza miezi miwili. Baada ya hapo ndiyo sikuweza kabisa, nikaona ni rahisi kumchukia Bwana Giza kuliko kubisha hodi. Mkauliza kwa nini hamna picha ya mama, nikamsingizia yeye. Na wewe kitinda mimba, ukiwa na miaka mitano, ulikuwa unakaa kwenye kochi kubwa unaniuliza, "Baba, yule mama wa ukutani anakwenda wapi?" Nikakujibu simjui.

Ni mama yako. Anakwenda kuanika nepi zako.

Acha kulia, nitashindwa kumaliza. Jumatatu ya wiki hii Bwana Giza alisimama mlangoni pa karakana yangu, mvi kichwa kizima. "Studio naifunga mwisho wa wiki hii," akasema. "Bahasha yako ninayo bado. Nimeiandika Mama Watoto." Nikamwambia sina picha kwake, nikaendelea kupigilia misumari. Nilipigilia kochi la mtu misumari mahali pasipohitaji hata mmoja.

Mwisho wa wiki ni leo. Anafunga saa kumi na mbili. Nendeni wote watatu, mwamkieni vizuri, mumwambie fundi amesema ulikuwa sahihi, ncha ilikuwa nje. Mwambieni hivyohivyo. Na nimekosa kumsingizia. Halafu mzilete hapa nizione kabla ya kesho... uso wake nimeanza kuusahau, nakumbuka beseni tu.

Washindani walikuwa arobaini. Hapana... kumi na mmoja. Na jaji hakuzimia, alikuwa anasinzia. Ila korongo aligeuka, wanangu. Hilo silirudishi.

Mungu awape mwanga wa ile Jumapili, uwafuate kila nyumba mtakayoishi... mpendane, msiachie kesho. Fungua pazia kidogo, kaka mtu. Hivyo. Acha liwe hivyo.

Nendeni sasa. Jirani akiwauliza baba amesema nini, mwambieni amelala... Na hili la beseni, nawaomba, lisitoke humu ndani. Msimwambie mtu.