Lorne Tvedt na Shimo la Kilima cha Yost

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Lorne Tvedt atarudisha ufunguo wa pikapu na kuondoka katika Ofisi ya Hifadhi ya Udongo ya Tamblyn. Hotuba amezikataa. Saa ya ukutani ameikataa pia. Kuhusu keki, amekubali kula kipande kimoja kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe juu yake.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Dwight Pruett wa dawati la mbele, kwa sababu siku ya kugawana kazi nilikuwa nimetoka kununua kahawa. Mimi udongo naujua kwa kuufagia tu, pale wenzangu wanapouingiza ofisini kwa buti zao. Mtaalamu akiona kosa humu ndani, anisamehe. Lorne mwenyewe ataliona, na atanyamaza kwa namna ambayo ni afadhali angenitukana.

Lorne alizaliwa bondeni, kwenye mashamba ya viazisukari, ambako udongo mzito ukinyeshewa hung'ang'ania buti mpaka mtu anarefuka kimo. Alipokuja huku kwetu, miguuni mwa milima, alikuta kitu kingine kabisa. Hapa majabali ya mchanga yamemomonyoka tangu enzi na enzi, upepo ukayatandaza mabegani mwa vilima. Juu pana ngozi nyembamba ya udongo mweusi. Ukichimba kidogo tu unakutana na mchanga wa rangi ya biskuti, unaoshuka chini mpaka mkono uchoke. Mvua ikinyesha haitiririki, inazama papo hapo, na wiki ya pili huna cha kuonyesha kwamba ilinyesha. Kinachokifanya kilima kiwe kilima ni nyasi. Mizizi yake imeshona mchanga huo chini kwa chini. Ukiifumua, umeufungulia upepo mlango.

Haya yote Lorne aliyasoma chuoni, na akafaulu vizuri. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani alikosea kwa kutojua.

Wapima udongo wana desturi yao. Huchukua udongo wa kujaa kiganja, huulowesha, huufinya uwe tonge, kisha huusukuma kwa kidole gumba utoke kama utepe. Utepe mrefu, huo ni mfinyanzi. Ukitoka kidogo ukakatika, ni tifutifu. Usipotoka kabisa, ni mchanga, na hapo mtu mwenye akili huacha plau ghalani. Kiangazi chake cha kwanza hapa, Lorne alipanda kilima cha Orval Yost, pikapu ikachemka njiani, naye akamimina maji yake yote ya kunywa kwenye rejeta. Alipofika juu alibaki na chupa ya soda ya machungwa iliyokuwa imekaa wazi kwenye dashibodi tangu juma lililopita, imekolea jua mpaka imekuwa kama asali. Akailoweshea udongo. Tonge likashikana vizuri ajabu. Utepe ukatoka, kwa kiburi kabisa, ukaning'inia kidogo kabla ya kukatika.

Jioni ile alikaribishwa jikoni kwa akina Yost, akapewa nyama ya kuchoma na mkate wa mahindi. Orval alikuwa akisubiri jambo moja tu.

"Sasa kijana, kile kilima nikilime ngano au nikiache?"

"Lima tu, Bwana Yost. Ni tifutifu. Kitashika."

Bernadine, mkewe, alikuwa akimimina kahawa. "Una hakika? Maana huyu mume wangu akishaambiwa lima, hata kaburi la mama yake atalilima."

"Nimeushika kwa mkono wangu huu, Bi. Yost," akasema Lorne, akauinua mkono wenyewe waone.

Orval akalima. Majira ya kuchipua yaliyofuata, ule upepo mkavu unaoshuka mlimani ukaja kama unavyokuja kila mwaka, ila safari hii ulikuta mlango wazi. Ngano iling'oka na mizizi yake. Ua wa mashariki ulifukiwa kwa mchanga mpaka ndama wakawa wanapita juu yake kama wanavuka daraja. Pale palipokuwa bega la kilima pakabaki shimo ambalo ungeweza kuegesha trekta mbili ndani yake usizione kutoka barabarani.

"Shamba langu limehamia kaunti ya jirani," Orval aliwaambia watu dukani, "na wala halikuaga."

Lorne alirudi kilimani akiwa na maji safi. Utepe haukutoka. Akajaribu tena, udongo ukamporomokea miguuni. Akakaa chini kufikiri, na katika kufikiri akaikumbuka ile chupa: sukari ndiyo iliyoushikanisha mchanga. Alikwenda moja kwa moja kwa akina Yost, bila kutumwa na mtu na bila kumpitia mkubwa wake, akawaeleza habari ya soda mlangoni, kofia mkononi. Orval, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akashika nguzo. Bernadine hakucheka. Malisho ya kiangazi ya ng'ombe wake yalikuwa kilima kile. Alizungushia shimo waya siku zile zile, yeye mwenyewe na nyundo yake, na Lorne alipokuja kusaidia aliambiwa neno moja: "Waya huu hautoki mpaka niseme mimi."

Tangu hapo, mengi aliyoyafanya mtumishi huyu yameota kutoka kwenye shimo lile. Amepima vilima vyote kuanzia Tamblyn hadi mpaka wa msitu, na hakuna mfugaji wa huku aliyelima mchanga tena kwa ushauri wa ofisi yetu. Kila mgeni kazini hupewa chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya udongo, na hupelekwa kwanza kwenye Kilima cha Yost. Lorne husimama ukingoni na kusema, "Hili nimelichimba mimi, kwa mdomo." Kisha huwaacha walitazame mpaka waone aibu wao badala yake.

Shayla Rademacher, mpimaji wetu wa sasa, alikuja siku yake ya kwanza na kopo la soda. Lorne alilitazama kopo lile kama mtu anayemtazama nyoka chumbani kwa mtoto. "Binti," alisema kwa upole, "hiyo kanywee bafuni." Shayla alidhani ni mila ya watu wa hapa, akaenda kweli.

Sisi wengine tulilifanya jambo lile mzaha. Wawindaji huelekezana, "Ukifika Tundu la Lorne, pinda kushoto," nasi tulikuwa tukisema vivyo hivyo kwenye simu, yeye akiwa meza ya pili, anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Jumamosi zake alizitumia kule, ndani ya waya, kwa ruhusa ya Bernadine ambayo ilitolewa kwa kutikisa kichwa. Alitandaza majani makavu yapunguze upepo. Alipanda nyasi iitwayo sindano-na-uzi, kwa mbegu zake zenye ncha kali na mkia mrefu, na yale matete ya mchanga yatambaayo chini kwa chini. Mwaka wa ukame vyote vilikufa, akaanza upya. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama anahitaji mtu wa kushika jembe.

Hamu yake ilikuwa moja, na sote tuliijua ingawa hakuisema: astaafu waya ukiwa umetoka.

Mwezi uliopita mlango ulifunguliwa, akaingia Bernadine Yost, mkongojo mkononi, miaka themanini na zaidi. Lorne alimwona dirishani akajifungia chumba cha sampuli.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko... yuko kikazi, Bi. Yost."

"Nimeona buti zake chini ya mlango. Mwambie achukue plaizi tuondoke. Nasikia anaacha kazi, na mimi sijui kama nitaiona ngano ya mwakani. Leo nasema waya utoke."

Niliwaendesha mimi. Njia nzima niliwasimulia habari za goti langu, jambo ambalo naliomba radhi. Tulipofika, nilishangaa. Shimo lilikuwa bonde la kijani, nyasi zinafika magotini, mbegu zake zinavuta nyuzi ndefu kwenye upepo. Bernadine aliegemea nguzo. "Haya," akasema, "kata."

Lorne hakukata. Aliingia ndani, akapiga magoti. Akachimba katikati, akaonyesha mizizi, akatabasamu kidogo. Akachimba upande wa mashariki. Kisha akaenda ukingo wa magharibi, unaopokea upepo kwanza, akachimba pale, akachukua udongo kiganjani, akamimina maji kutoka chupa ya pili. Alikaa na kiganja kile muda mrefu. Mtu yeyote angeona alichokuwa akikitaka.

Alirudi kwenye nguzo, masikio mekundu kama ya mtoto wa shule. "Bado, Bi. Yost," akasema. "Hapa ukingoni mizizi haijashonana. Ng'ombe wakiingia mwaka huu watapafumua. Miaka miwili, labda mitatu. Nisamehe."

Mimi nilitazama buti zangu.

"Laiti ungelisema hilo neno 'bado' jikoni kwangu," akasema Bernadine. Kisha akaichukua ile plaizi mkononi mwa Lorne, akaitia katika mfuko wa koti lake. "Basi njoo hiyo miaka miwili. Njoo na kwa kahawa pia, usiwe unaishia getini kama mwizi."

Hivyo ndivyo Lorne Tvedt anavyostaafu, waya ukiwa bado umesimama kwa neno lake mwenyewe. Ofisi hii imekwishatoa nishani nyingi kwa waliosema ndiyo. Kwa "bado" hii haina nishani, nasi tunaona haya.

Lorne, asante kwa kila kilima ulichokiacha na nyasi zake. Tunakuombea afya, mvua za polepole, na upepo wenye adabu. Usituage sana, maana Jumamosi inayofuata tutakuwa kwenye ukingo wa magharibi, sote, pamoja na mimi na goti langu. Majembe tunayo. Maji tutaleta wenyewe.