Saini Ambayo Praxeda Semkiwa Hakuiweka

Marehemu Praxeda Semkiwa alizaliwa Muheza tarehe 14 Agosti 1949, mtoto wa pili wa mzee Asheri, fundi cherehani. Alisoma hapo hapo Muheza, kisha Korogwe, na mwaka 1974 akahitimu shahada ya kemia Dar es Salaam.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha nguo, kusini mwa Tanga. Ulipokuja uhaba wa 1983, dawa za kusafishia maji ya rangi hazikupatikana tena. Dada yangu alijenga mabirika mawili. La kwanza, lenye kina kifupi, alilitandazia unga mweupe wa kutengenezea rangi za ukuta. Jua likiupiga, unga ule ulivunjavunja rangi ya nguo iliyomo majini. Mabaki yaliingia la pili, yakamalizwa na vimeng'enya alivyokamua kwenye uyoga. Maji yakatoka maangavu, na wavuvi wa kijiji cha Kigombe, yalikoishia maji yale, wakaacha kulalamika.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Rafaeli tarehe 7 Desemba 1985. Wiki hiyo hiyo shemeji alikuta uyoga chini ya kitanda, akaupeleka jikoni. “Huo ni wa kazi, mume wangu,” aliambiwa. Msimamizi wa ndoa alikuwa Ernesti, mwenzake wa maabara, ambaye dada alimfundisha kila alichojua.

Mwaka 1994 kiwanda kiliuzwa. Mabirika yakafukiwa lijengwe ghala, maji yakaachiwa yaende baharini machafu vile vile. Mzee Uweso wa Kigombe alikuja nyumbani.

“Mama, karatasi inayosema maji ni salama ina saini yako. Sisi tulikuamini.”

Dada alikana, wengi hawakumsadiki. Akamfuata Ernesti.

“Niliiweka mimi, dada. Wangetufukuza wote.”

Dada hakukubali kunyamaza, akafukuzwa yeye peke yake. Ernesti akawa mkuu wa maabara. Dada alipeleka madaftari yake kwa mkaguzi wa maji, na Machi 1996 bomba la kwenda baharini likazibwa. Jina lake halikusafishwa.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, 1998. Ernesti alikuja kumjulia hali, na machungwa mkononi.

“Umeshawaambia watu wa Kigombe?”

“Bado, dada.”

“Nenda uwaambie, ndipo urudi.”

Hakurudi. Dada alifariki Jumamosi, tarehe 18 Julai, nyumbani kwake.

Ameacha mume, watoto wawili, Bibiana na Asheri, na mdogo wake anayewasomea haya. Ndugu zetu wa Kigombe mliofika, familia inatamka mbele ya kaburi hili: saini ile haikuwa yake. Mungu ampumzishe kwa amani aliyonyimwa hapa.