Mama Enhe na Safari Isiyosimuliwa

Marehemu, ambaye wodini na mtaani alijulikana kama Mama Enhe, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa tatu wa baba fundi baiskeli na mama mshona nguo.

Alianza shule mwaka 1959, na huko aliadhibiwa mara nyingi, si kwa utundu bali kwa maswali. Mwalimu mmoja, alipopeleka suruali ipunguzwe, alimwambia mama wa marehemu, "Mama, mwanao huyu mmbea." Yule mama hakusimamisha cherehani. "Mmbea husikia akapeleka, mwalimu. Wangu husikia akaweka."

Alihitimu uuguzi wa afya ya akili mwaka 1973, akapangiwa wodi ya wanawake hadi alipostaafu mwaka 2011. Desturi yake ilikuwa kukunja shuka mchana pamoja na wagonjwa, yeye ameshika ncha huku, mgonjwa kule, kwa kuwa mtu mwenye shughuli mikononi habanwi na macho ya mwenzake. Hakuuliza "kwa nini". Alisema "Enhe?", kisha akanyamaza.

Kisa kimoja kinasomwa hapa kwa idhini ya mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa mpishi wa shule. Alikataa kula, akirudia neno moja tu: "Nimeacha sufuria motoni." Wahudumu walimjibu, "Hapa hakuna sufuria, mama." Daktari akaanza kufikiria kumhamishia hospitali ya mbali, ambako wanawe wadogo wasingefika kumwona. Marehemu akashika shuka.

"Enhe? Sufuria la nini?"

"Maharage."

"Yameiva?"

"Yaive wapi, nimeyabandika sasa hivi!"

Siku hiyo yaliishia hapo. Kesho yake ikawa chumvi, keshokutwa kuni. Mvua zilipokatika ndipo mpishi aliposema kwamba aliitwa mlangoni pa jiko, akaambiwa mwanawe mkubwa amefariki. Kila alipoikumbuka siku ile, alikwama mlangoni pale. Alilia, akala, akaendelea na matibabu, akarudi kwa wanawe. Marehemu hakujisifu. "Dawa inafanya kazi yake," alisema, "ila haimuulizi mtu katoka wapi."

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975 na dereva wa lori la mbao. Nyumbani mambo yalikuwa mengine: mume akianza tu habari za barabarani, mke anakoroma. "Mama watoto," alimwambia siku moja, "au nikalazwe wodini kwako ndipo nisikilizwe?" Marehemu alicheka hadi akashika mbavu, lakini neno lilimwingia. Wanawe wanakumbuka alivyokaa wima mezani tangu hapo, macho yamemtoka, akipigana na usingizi. Safari moja tu mume hakuisimulia miaka yote hiyo: ile aliyorudi kwa miguu, bila lori na bila mwenzake wa safari. Marehemu aliigusa mara chache, akaiacha.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alitamani jambo moja, kuisikia safari hiyo kabla hajaondoka. Mume naye alichelea kumwongezea mgonjwa mzigo.

"Pumzika kwanza, Mama watoto."

"Nitapumzika sana tu, Baba watoto. Enhe?"

Akaanza, kipande leo, kipande kesho. Palikuwa na kona moja ya barabara ambayo kila akiifikia, alikwama. Marehemu alimsubiri papo hapo kwenye kona, hakumvuta wala hakumtangulia.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Kisa kilikuwa kimefika mwisho jioni iliyotangulia. Mume alilia kwa sauti, kisha akalala kitini usingizi mzito ambao wanawe hawakuwahi kumwona akilala.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Watoto wamemuuliza baba yao nini kilitokea safarini. Amewajibu, "Bado." Hawakumharakisha, wamelelewa na Mama Enhe.

Apumzike kwa amani. Habari zilizobaki tutampelekea wenyewe.