Sarafu ya Sumaku na Mashimo Kumi na Saba

Benchi lililo mbele ya banda la Kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, lakini hakuna bunge lililowahi kubeba vichwa vizito kama vya pale. Asubuhi ile Sumaku, fundi redio, alikaa katikati jasho likimchuruzika. Kwa mashine yake ya kunusa chuma alikuwa amechimba mashimo kumi na saba uani kwa mama mkwe wake, akaambulia sarafu moja tu, imelika mpaka imekuwa laini kama ulimi. Bata wa mama mkwe alishatumbukia mara mbili. Amri ya mama mkwe ilikuwa fupi: mpaka saa nne Sumaku aseme hicho ni kitu gani na kina thamani gani, la sivyo ayafukie yote, peke yake.

Kinyozi aliipapasa sarafu.

– Hiki kichwa cha mfalme. Nimenyoa vichwa miaka ishirini, sikosei. Tena alikuwa na kipara.

– Kaka, hapo pamelika tu, Sumaku akasema.

– Kulika huanzia kiparani.

– Na mwili wake uko wapi?

Karani, mstaafu wa masjala, akashusha kikombe cha kahawa.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana wafalme huchorwa kichwa tu.

Sumaku akayaandika maneno hayo kiganjani. Mama mkwe hapendi maelezo nusunusu.

– Na mwaka wake, mzee?

– Hauonekani. Basi hii ni ya kabla ya miaka. Naona hata pesa zilikuwa hazijaanza.

– Sasa sarafu ilikuwa ya nini?

– Ya kujiandaa. Haraka haraka haina baraka.

Cherehani, fundi nguo, akaipima uzito.

– Kwa hii unanunua mtaa mzima, na watu wake ndani.

– Hata sisi?

– Sisi ndio chenji.

Moyo wa Sumaku ukatua. Akakunja nne kama mwenye nyumba.

Mara mama mkwe huyo, bata kwapani, jembe mkononi. Wote wakasimama.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba. Mmeijua?

Wakammwagia yote: mfalme, kipara, mtaa mzima. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

– Mungu awazidishie elimu. Mimi sina tamaa, wanangu. Atakayenifukia mashimo yangu, sarafu yake. Nani anaichukua?

Kinyozi akakumbuka ana mteja. Cherehani akachungulia kikombe kana kwamba sindano imemdondokea humo. Karani akatangaza kahawa imekwisha, na birika bado zito.

Mama mkwe akamkabidhi Sumaku jembe.

– Haya tajiri, tangulia.