Mzee Marcelino Namangaya na Hodi Zake za Mtaa wa Sikukuu

Siku ile, Jumanne ya tarehe 10 Septemba 2024, mbele ya gorofa la maduka la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, walikuwapo Moza muuza vitenge, Rogath mwenye duka la vyombo, Hafidhi muuza kahawa, na baba yetu, mzee Marcelino Namangaya, ambaye historia yake, ndugu waombolezaji, tunawasomea kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 huko Ndanda, wilaya ya Masasi, akamaliza darasa la nane hapohapo mwaka 1965, na mwaka 1968 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa kuwa msoma mita za maji, kazi iliyomtembeza kwa miguu Gerezani, Mchafukoge na Kariakoo yote. Kwa kuwa mita nyingi zilikuwa uani, alipiga hodi, akasubiri akaribishwe, akapita ukumbini, na huko nyuma akina mama waliokuwa jikoni walimpa uji na habari pia, nani aliijenga nyumba ile, ngoma gani ilichezwa pale, harusi ya nani iliufunga mtaa.

Tarehe 19 Julai 1975 alifunga ndoa na Evarista, parokia ya Msimbazi, wakajaliwa Beno na Evelyn, wakawalea katika vyumba viwili vya kupanga Mtaa wa Sikukuu, hadi mama yetu alipotangulia mwaka 2011.

Alipostaafu, mwaka 2004, alianza kuwatembeza wanafunzi na wageni waliotaka kuijua Kariakoo ya zamani, na hakuisimulia nyumba kabla ya kuipigia hodi. Nyumba zilipovunjwa kupisha magorofa, aliendelea kupiga hodi palepale, kwenye uzio wa mabati, akaonyesha kwa mkono, hapa ndipo baraza, huyu hapa mama anakaanga vitumbua, kana kwamba anawaona, na watu wa mtaa walimzoea hivyo, wakampenda.

Mwaka 2019 nyumba aliyopanga nayo iliuzwa ikavunjwa, akahamia Magomeni kwa Beno na mkewe Violeth, na mwaka 2022 madaktari walisema kumbukumbu zinamtoka, dawa ya kuzirudisha hakuna. Violeth alifuatana naye kila atokapo, mtoto mgongoni, maana kumfungia baba mkwe geti kwa kufuli moyo wake ulikataa.

Asubuhi ile mtoto aliamka na homa, Violeth akawa anamkanda maji, na baba akatoka. Violeth akatoka kumtafuta, na kila jirani aliyemuuliza pale Magomeni alimjibu, "Amepita, tena katusalimia vizuri sana," naye akabaki njia panda, hajui ashike upande gani.

Kumbe baba alikuwa Sikukuu, mbele ya gorofa lililokalia nyumba yake, anapiga hodi. "Shikamoo mzee, leo umewatangulia wageni wako?" Hafidhi alimuuliza, huku akimmiminia kahawa. "Marahaba. Namsubiri mama Beno anifungulie." Wakacheka, maana ndivyo alivyosimulia siku zote, na habari za ugonjwa wake hawakuwa nazo, Moza akamtania, "Kakununia huyo, jana ulirudi saa ngapi?" akamletea kiti, akamsogezea mwavuli, asipigwe na jua. Jua lilipanda, kila mmoja akiamini wageni wako njiani, hakuna aliyeona sababu ya kuwaita wa nyumbani. Mwisho Rogath aliitikia kutoka dukani, "Karibu, mzee!" kwa heshima tu, baba akainuka, akaingia, akapita kati ya masufuria mpaka ukuta wa nyuma, akawa anaupapasa akitafuta mlango wa uani, na hapo Rogath aliacha kucheka, akamkimbilia, akamdaka akianguka.

Ilikuwa kiharusi. Violeth alimkuta hospitali, hasemi tena, akamshika mkono, zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya, na baba alifariki Ijumaa ya tarehe 13 Septemba, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Magomeni waliotupikia na kutubebea mtoto, wastaafu wenzake, na kwa namna ya pekee Moza, Hafidhi na Rogath, kwa kuwa yote waliyomfanyia baba waliyafanya kwa upendo, wala hatuna la kuwalaumu.

Lala kwa amani, baba yetu.

Asubuhi ya leo, kabla ya misa, Moza aliomba namba ya simu ya Violeth, ambayo siku ile hakuwa nayo, akapewa.